Kufungasha begi la Kilimanjaro: maswali tunayoulizwa kila msimu

Kila ifikapo Oktoba, watu wanaotaka kuwa kileleni tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wa Tanganyika, huanza kupiga simu. Swali la kwanza huwa bei. La pili ni "nibebe nini?", na hilo ndilo linalomaliza vocha. Nimeyaweka hapa maswali yenyewe karibu vile vile yanavyoulizwa. Mimi ni mwongozaji, kazi yangu ni kutembea mbele polepole na kugeuka nyuma kila mara kuangalia nani anatetemeka. Mengi ninayosema hapa nimejifunza kwa kuangalia hivyo.

Baridi ya huko juu ni kali kiasi gani? Mimi nimesoma Njombe, baridi naijua.

Ya Njombe ni baridi ya kweli, sikubishii. Ila fanya hesabu hii. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama nyuzi 6. Moshi mjini pako chini ya mita 1,000 na mchana panaweza kufika nyuzi 30. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Maana yake, nyuzi zote hizo 30 zinaisha njiani, na hapo hatujahesabu usiku wala upepo. Sasa sisi safari ya kileleni tunaianza karibu saa sita usiku, na tunatembea kuelekea alfajiri, muda ambao baridi ndiyo inakaza. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Upepo ukishika, mwili unahisi kama ni 20 chini ya sifuri.

Lakini usifungashe kwa kuuwazia usiku huo peke yake. Siku ya kwanza unaanzia msituni, geti la Machame liko mita 1,800 hivi, na hapo utatoka jasho ukiwa na fulana tu. Siku ya pili jua linachoma kwenye vichaka. Ya tatu ukungu unaingia saa nane mchana na unaomba sweta. Ni safari ya wiki moja yenye hali ya hewa ya kutoka Tanga hadi kwenye jokofu, na begi ni hilo hilo moja.

Si ninunue tu koti moja zito nimalize?

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Baridi ya mlimani huingia kwa njia ya maji. Mtu anavaa koti zito saa sita usiku, anapanda nusu saa, anatoka jasho. Jasho linalowesha fulana ya ndani. Kisha mwongozaji anasema tupumzike dakika tano, upepo unapita, na ile fulana mbichi inageuka kuwa barafu mgongoni. Koti bado ni zito na bado ni zuri, lakini yeye anatetemeka. Nimeshuka na watu wa namna hiyo, wenye makoti ya bei kuliko mshahara wangu.

Dawa yake ni nguo nyepesi nyingi ambazo unaweza kuvua na kuvaa. Ya kwanza inagusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho: fulana ya mikono mirefu ya nyuzi za plastiki kama poliesta, au ya sufu laini. Ya pili inatunza joto: flisi, yaani ile nguo laini ya poliesta yenye manyoya manyoya, au sweta la sufu. Ya tatu ni koti lenye manyoya ya bata au ya kutengenezwa, linalojaa hewa kama mto. Hili ni la vituoni na la usiku wa kilele. Ya mwisho ni ganda, yaani koti jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia yake. Ganda halina joto lolote lenyewe, na ndiyo maana watu hulidharau dukani. Mlimani ndilo litakaloamua kama vingine vyote vitafanya kazi.

Kanuni tunayowaambia wageni wetu: anza kutembea ukiwa unahisi kabaridi kidogo. Ukianza ukiwa na joto la kupendeza, baada ya dakika kumi utakuwa umelowa.

Jinzi je? Nina jinzi nzito sana.

Iache hotelini. Pamba hunywa maji na haikauki huko juu, na jinzi iliyolowa ina uzito wa mtoto mchanga. Hili linahusu pia fulana za pamba, zikiwemo zile mnazochapisha jina la kikundi na picha ya mlima. Chapisheni, sawa, lakini mzivae kwa picha ya getini na ile ya kileleni juu ya koti.

Nguo za mitumba zinafaa, au ni lazima za dukani?

Zinafaa, na mimi mwenyewe nusu ya nguo zangu za kazi ni mtumba. Memorial pale Moshi, Karume kwa walio Dar, Gikomba kwa ndugu zetu wa Nairobi: humo mnaingia makoti ya watu wa Ulaya na Kanada waliokuwa wakiteleza kwenye theluji, na koti la kuteleza kwenye theluji ni karibu kabisa na kile tunachokihitaji. Ukiona lina kiuno cha ndani chenye lastiki na vifungo, cha kuzuia theluji isiingie, umelipata.

Ila chagua kwa macho. Geuza lebo ya ndani usome limetengenezwa na nini. Likiwa pamba tupu, rudisha hata kama ni zuri. Vuta zipu kutoka chini hadi juu mara tatu, maana zipu iliyokufa saa tisa usiku na vidole vimeganda haina fundi. Kwa koti la mvua, geuza ndani uangalie mishono: inatakiwa iwe imezibwa kwa utepe, na utepe usiwe unabanduka kama ngozi ya nyoka. Muombe muuzaji maji kidogo umwagie begani. Maji yakikaa juu kama matone, vizuri. Yakinywewa, hilo ni koti la kuvaa ofisini.

Koti la manyoya ya bata lifinye mkononi halafu liachie. Likirudi kuvimba haraka, lina uhai. Likibaki na mabonge mabonge, manyoya yamekufa kwa kufuliwa vibaya.

Vitu viwili usinunue mtumba. Soksi, kwa sababu zimeshachoka. Na buti, kwa sababu ninayoeleza hapa chini.

Kwa nini buti za mtumba hapana? Nimeona nzuri sana, kama mpya.

Hiyo "kama mpya" ndiyo inayonitisha. Buti nyingi za kupandia mlima zina tabaka laini la plastiki kati ya soli na ngozi. Tabaka hilo huoza taratibu kwa unyevu wa hewa, hata buti likiwa kabatini halijavaliwa. Linakaa miaka, linapakiwa kwenye robota, linafika sokoni likiwa safi linang'aa. Halafu siku ya tatu mlimani soli nzima inabanduka.

Niliwahi kuwa na kaka mmoja tuliyeshuka naye kutoka mwamba wa Lava Tower kwenda kambi ya Barranco, soli ya kulia ikafungua mdomo kama mamba. Tukaifunga kwa kamba ya hema. Baada ya nusu saa ya kushoto nayo ikafuata. Akamaliza siku kwa raba za mpishi, na kileleni alikwenda na buti za kuazima zilizomzidi namba moja. Alifika, lakini kucha mbili alizipoteza njiani.

Nunua mpya au kodi kwa mtu anayezitumia kila wiki, kwa sababu buti linalofanya kazi kila wiki limeshajaribiwa. Liwe linapanda juu ya kifundo cha mguu, lisipitishe maji, na liwe na nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukisukuma mguu mbele. Nafasi hiyo ni ya kuteremka. Siku ya kilele, ukitumia njia ya Machame, utatoka mita 5,895 hadi karibu mita 3,100 kambini Mweka siku hiyo hiyo, na njia yote hiyo vidole vinagonga mbele ya buti. Kata kucha za miguu siku mbili kabla ya safari.

Likiwa jipya, lizoee kwanza. Livae kwenda kazini na kanisani, panda nalo ngazi. Wenzako watakucheka.

Nikodi nini na ninunue nini?

Moshi kuna maduka mengi ya kukodisha, na kampuni nyingi zina stoo zao. Kodi vitu vya bei ambavyo ukirudi Dar hutavigusa tena: begi la kulalia, koti zito la manyoya, fimbo za kutembelea, geta za kuzuia mawe na vumbi yasiingie kwenye buti. Nunua vinavyogusa ngozi, yaani nguo za ndani, soksi, glavu nyembamba, mzula. Miwani ya jua pia iwe yako.

Ukikodi, fika Moshi siku moja kabla, mchana, si saa tatu usiku. Vyote vijaribu pale pale dukani. Lala ndani ya begi la kulalia ufunge zipu. Refusha fimbo, uziegemee kwa uzito wako wote uone kama hazirudi ndani. Taa ya kichwa nakushauri ununue yako na betri za akiba. Taa za kukodi zimeangusha watu wengi.

Kwa nini mnasema kilo 15 tu? Nimelipa pesa nyingi.

Umelipa, ndiyo. Ila begi lako halipandi kwa gari. Linapanda kichwani au begani kwa mpagazi, ambaye mlimani tunamwita mgumu, na jina hilo si mzaha. Mzigo wake mmoja hautakiwi kuzidi kilo 20, na humo si begi lako peke yake. Mizani ipo getini, watu wa hifadhi wanapima. Mzigo ukizidi, ama unatoa vitu mbele ya watu wote na kuvionesha kwa jua, ama unalipia mgumu mwingine.

Kilo 15 zinatosha kabisa. Begi la kulalia ni kama kilo 2. Koti zito halifiki kilo 1 na nusu. Nguo nyingine zote za kupandia, ukizipanga kwa akili, zinaingia ndani ya kilo 6. Kinachojaza begi huwa ni hofu. Watu wanafungasha suruali sita kwa siku saba, manukato, drayer ya nywele (pa kuichomeka ni wapi?), na spika ya muziki. Suruali mbili za kutembelea zinatosha, mtajaa vumbi wote sawa.

Lete begi laini lisilo na magurudumu wala fremu. Sanduku la uwanja wa ndege lina kona, na kona hiyo ndiyo itakayokaa shingoni kwa mtu kwa muda wa saa sita. Wagumu huliingiza begi lako kwenye kiroba ili lisiloane, lakini kiroba si dawa kamili ya mvua ya Machame, kwa hiyo ndani ya begi panga vitu kwenye mifuko isiyopitisha maji, ile inayotumika tena na tena. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019. Na begi la kulalia lipate mfuko wake peke yake. Kila kitu kikilowa hicho kikabaki kikavu, bado utalala.

Begi dogo la mgongoni unabeba mwenyewe. Humo weka maji, koti la mvua, flisi, glavu, vitafunwa, dawa zako na pesa. Mgumu hutembea haraka kuliko wewe na hutamuona tena hadi jioni, hivyo ukiweka koti la mvua kwenye begi kubwa, mvua itakunyeshea huku koti lako liko kambini linakungoja.

Usiku wa kilele nivae nini hasa? Nitajie kuanzia ndani.

Haya, tuko Barafu, mita 4,600 na kitu, na jina la kambi limeshakuonya. Umeamshwa saa tano usiku kwa chai na biskuti. Nguo ulizilaza ndani ya begi la kulalia pamoja nawe, kwa hiyo zina joto.

Chini: chupi isiyo ya pamba, taiti nzito ya joto, suruali ya flisi au ya kutembelea, na juu yake suruali ya mvua ambayo hapa inafanya kazi ya kuzuia upepo. Hakikisha ina zipu pembeni ili uivae bila kuvua buti.

Juu: fulana ya ndani ya mikono mirefu, nyingine nene kidogo, flisi, koti la manyoya, ganda. Wengi huanza bila koti la manyoya na kulivaa kwenye mapumziko ya kwanza. Ganda lako liwe kubwa la kutosha kuingia juu ya koti hilo. Jaribu nyumbani, kwa sababu lililokutosha ukiwa na shati halitafunga zipu ukiwa na vitu vinne ndani.

Miguuni: soksi moja nene ya sufu, na kama unapenda, nyembamba chini yake. Basi. Kuna mtu kila msimu anayevaa soksi tatu, buti linambana, damu haipiti, na vidole vyake ndivyo vya kwanza kuganda. Weka jozi moja mpya kabisa, ambayo hujaivaa siku zote za safari, kwa usiku huu tu.

Mikononi: glavu nyembamba ndani, na juu yake glavu nene za kifuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto. Zifunge kwa kamba mkononi, kwa sababu glavu ikidondoka kwenye upepo wa pale juu huifuati.

Kichwani: mzula unaofunika masikio, na kininja au skafu ya shingoni ya kuvuta hadi puani. Skafu hiyo utaishukuru zaidi mchana wakati wa kuteremka, vumbi likiwa limepanda.

Mfukoni: miwani ya jua. Utaicheka gizani. Lakini jua linakukuta karibu na Stella Point, pale ukingoni mwa kasoko, na mwanga ukishagonga barafu unarudi machoni mara mbili. Macho huungua bila wewe kusikia, na maumivu huja jioni. Mafuta ya kukinga jua na ya midomo yanahitajika hata kwa sisi weusi. Nimeona midomo iliyopasuka mpaka mtu anashindwa kunywa chai.

Maji yanaganda kweli?

Yanaganda. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri siku zote isipokuwa usiku wa kilele, kwa sababu mrija ni mwembamba na ndio unaoganda kwanza. Usiku huo tumia chupa ngumu yenye mdomo mpana, jaza maji ya moto, ivishe soksi, iweke kwenye begi kichwa chini. Barafu huanzia juu ya maji, na ukigeuza chupa, barafu inakuwa kitakoni huku mdomo uko wazi. Chupa ya chai nayo ni rafiki mkubwa.

Uwezo wa kubeba lita 3 kwa siku uwe nao. Chupa za plastiki za maji ya dukani za kutupa haziruhusiwi hifadhini. Na jua hili: kambini Barafu hakuna maji. Kila tone unalokunywa pale limebebwa kutoka kambi ya Karanga. Kambi ya Kibo, kwa njia ya Marangu, ni vivyo hivyo. Kwa hiyo ukitaka maji ya kunawa miguu pale, fikiria kwanza nani kayapandisha.

Simu itakaa na chaji?

Kambini hakuna umeme wa kuchajia, beba pawabenki. Baridi hunyonya betri: simu yenye asilimia 60 huzimika ghafla ukiitoa kupiga picha kileleni, na hapo watu hulia kuliko waliokosa kilele. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, usiku lala nayo ndani ya begi la kulalia pamoja na pawabenki na betri za taa. Droni usilete bila kibali.

Mimi ni mwanamke na navaa hijabu. Kuna la ziada?

Dada, wapo wengi wanaopanda na hijabu na hawana shida yoyote. Badilisha kitambaa tu. Mtandio wa pamba unalowa kama fulana ya pamba, na ncha zake hupeperuka kwenye upepo. Chukua ile ya michezo, ya kuvaa kichwani moja kwa moja, uvae mzula juu yake. Gauni refu halifai ukuta wa Barranco, kwa sababu pale unapanda kwa mikono na miguu na unahitaji kuona unapokanyaga. Kanzu fupi ya hadi magotini juu ya suruali pana inatosha. Kwa sala, chukua mkeka mwepesi wa kukunja. Kibla kutoka mlimani ni kaskazini, ukielemea mashariki kidogo tu. Maji yakiwa haba, hukumu ya tayamamu unaijua kuliko mimi.

Na kwa dada wote: beba pedi hata kama tarehe zako ziko mbali, maana uchovu na mwinuko huvuruga kalenda. Beba na mfuko usioonesha ndani wa kurudisha zilizotumika. Taka zetu zote zinateremka nasi. Sidiria iwe ya michezo, isiyo na waya wala pamba.

Begi la kulalia la nyuzi ngapi? Na blanketi je?

Blanketi ni zito na halikuzunguki. Tafuta begi la kulalia ambalo lebo inasema mtu analala vizuri hadi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi. Lebo nyingi zina namba zaidi ya moja. Ile kubwa ya kutisha ni ya kunusurika, si ya kulala, na muuzaji ndiyo atakayokusomea. Ukipanda Marangu utalala kwenye vibanda vyenye magodoro, Mandara, Horombo na Kibo, lakini begi la kulalia bado ni lako. Njia nyingine zote ni mahema.

Siri ya zamani: omba mpishi akujazie chupa maji ya moto, ifunge vizuri, ilaze miguuni. Asubuhi unayanywa. Na usilale na nguo zako zote za mchana, zina jasho. Uwe na seti moja kavu ya kulalia ambayo haijui jua.

Lingine watu wanaona aibu kuuliza: ndiyo, beba kopo au chupa yenye mdomo mpana ya haja ndogo, uliyoiwekea alama usiichanganye na ya kunywa. Utakunywa maji mengi, utaamka mara tatu, na kutoka hemani saa nane usiku ni kuanza usingizi upya.

Chakula nibebe?

Mpishi yupo na atakulisha hadi uchoke supu. Vitafunwa vyako viwe vile unavyovipenda hata ukiumwa, maana juu ya mita 4,000 hamu ya kula huondoka. Chokoleti huwa ngumu kama kokoto. Tende, korosho na kashata za karanga haziniangushi.

Dawa?

Dawa zako za kila siku kwanza. Kisha plasta za malengelenge, za maumivu ya kichwa, za kuhara, na paketi za maji ya chumvi na sukari. Kuhusu asetazolamaidi, ile dawa ya ugonjwa wa mwinuko wanayoiita Diamox, zungumza na daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Usimeze ya kupewa na jirani wa hema. Na hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kuteremka: kichwa kikizidi, ukianza kuyumba au kukohoa kwa kukosa pumzi ukiwa umekaa, mwambie mwongozaji saa hiyo hiyo. Usifiche kwa sababu umeshawaahidi watu picha.

Kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya buti), kamba, shoka la barafu, oksijeni?

Kwa njia za kawaida, hapana. Hans Meyer, mpandaji wa Kijerumani, mwaka 1887 alirudishwa na barafu na theluji kwa kukosa vifaa, akaja tena 1889 na Ludwig Purtscheller, na Oktoba wakafika. Siku hizi njia inakanyaga mawe na kokoto karibu yote, na barafu unaiangalia pembeni. Kukiwa na theluji mpya, fimbo na geta zinatosha. Western Breach, njia ya kupandia kileleni kwa upande wa magharibi, ni habari nyingine, kwa sababu ya mawe yanayoporomoka; Januari 2006 Wamarekani watatu walifia pale. Mimi sipeleki mtu huko kwa mara ya kwanza, na anayekwenda avae kofia ngumu.

Hewa ya kileleni ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani, lakini watu hupanda bila mitungi. Kampuni iwe nao mmoja wa dharura. Uliza kabla ya kulipa.

Vifaa hivi vitanifaa Mlima Kenya, Meru au Rwenzori?

Kwa Meru, mita 4,562, karibu vyote, punguza tu koti. Kwa Point Lenana pale Mlima Kenya, mita 4,985, vyote, na ongeza umakini wa mvua. Rwenzori ni dunia nyingine: tope linafika magotini, watu hutembea siku nzima na buti za mpira, na kwenda kilele chake cha Margherita, mita 5,109, unapita juu ya barafu kwa kramponi na kamba.

Nakuja kwa ndege kutoka Muscat. Begi likipotea?

Vaa buti zako ndani ya ndege. Kwenye begi la mkononi weka koti la mvua, nguo za ndani za joto, dawa na miwani. Vingine vyote Moshi tutakukodishia jioni moja, ila buti lililozoea mguu wako hatuna. Pawabenki nayo ni ya begi la mkononi, kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi.

Desemba inafaa kweli? Nasikia mvua.

Vuli huwa bado ina mabaki yake, hivyo ganda, suruali ya mvua na mfuko wa kufunika begi dogo si vya kujadili. Luteni Alexander Nyirenda alisimika mwenge na bendera kileleni usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, na watu wanataka tarehe hiyo hiyo. Nawaelewa. Ukitaka anga kavu, Januari na Februari, au Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Machi hadi Mei ni masika.

Naweza kuwaachia wagumu nguo zangu nikimaliza?

Unaweza, na watafurahi, hasa buti, glavu na makoti. Ila nguo si bahashishi. Bahashishi ni pesa taslimu, na inatakiwa iwe ndani ya begi lako dogo tangu Moshi, kwa noti ndogo ndogo, kwa sababu getini Mweka hutaki kutafuta chenji huku watu wanakusubiri. Kama hujui umpe nani, Moshi kuna Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi wa kusaidia wapagazi, wao huwaazimisha wagumu nguo za mlimani bila malipo. Koti lako litapanda tena wiki ijayo na mtu anayelihitaji. Zifue kwanza, tafadhali. Hasa soksi.